Folda ina GB 61, mbona ls inanionyesha majina 23 tu?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina steshenari Ng'ong'ona, karibu na chuo. Mdogo wangu aliniwekea Ubuntu kwenye kompyuta ya dukani mwaka 2021, baada ya virusi kunitesa sana kwenye Windows, na tangu hapo kila kazi ya mteja naitupia kwenye folda moja inayoitwa Kazi. Sasa diski imejaa. Kijana ninayefanya naye kazi anataka tufute vya zamani, mimi naogopa tusije tukafuta utafiti wa mtu. Nataka orodha ya kila faili, ukubwa wake na tarehe yake, niichapishe tuipitie kwa kalamu. Nikiandika ls naona majina 23, lakini nikiibofya folda kulia na kuangalia sifa zake naambiwa ina GB 61. Nikaelekezwa niandike ls -R, ikamwaga majina mpaka mwanzo wake ukapotea. Halafu juzi mteja kaleta flashi: kwa jirani yangu mwenye Windows ilionekana tupu, kwangu yakaonekana yote. Hii ls inaonyesha na kuficha inavyojisikia, au mimi ndiye sijui kuiuliza?

JIBU: Salama, dada yangu. Ni kuiuliza tu. Ukiandika ls peke yake unauliza, "Hapa mlangoni kuna nini?" Ikakujibu: vitu 23. Wewe ulichotaka kujua ni kilichomo mpaka kule mwisho, na uzito wake. Hayo ni maswali mengine mawili na yana amri zake.

Kama umewahi kupita soko la nafaka la Kibaigwa, mfikirie karani aliyesimama mlangoni mwa ghala na daftari lake. Anasoma kilichoandikwa juu ya magunia, anakutajia. Gunia hafungui. Ndiyo kazi ya ls, na imekuwa hivyo tangu kitabu cha maelekezo cha kwanza cha Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imefuata mfano wake, Novemba 1971. Katika vitu vyako 23, baadhi ni mafaili na baadhi ni magunia, yaani folda (wengine husema saraka, mimi naandika folda kwa sababu ndivyo mnavyosema dukani). Kuzitambua, ingia humo kwanza (cd ni amri ya kuingia, na alama ~ ni folda yako ya nyumbani) kisha uongeze herufi moja:

cd ~/Kazi
ls -F

Kila jina lenye mkwaju mwishoni ni folda. Ukitaka folda peke yake, andika ls -d */ na usiisahau hiyo -d. Bila hiyo, karani anakuwa amekabidhiwa magunia mkononi, naye akikabidhiwa gunia hulifungua. Ndiyo maana watu huandika ls * wakitegemea majina machache wakamwagiwa yaliyomo kwenye kila folda. Ile nyota wala haiifikii ls: ganda, yaani programu inayopokea unachoandika kwenye terminali, huibadilisha kuwa majina kamili kwanza, ndipo ls inaitwa. Likumbuke hilo, nitalirudia chini kwa sababu liliwahi kunigharimu.

Sasa ukubwa na tarehe. Andika ls -lh. Utapata kitu cha namna hii:

total 2.5M
drwxrwxr-x 5 duka duka 4.0K Mar  3 09:12  Barua
-rw-rw-r-- 1 duka duka 2.3M Nov 21  2023 'kadi harusi mwisho.docx'
-rw-rw-r-- 1 duka duka 148K Feb 11 16:40  ripoti_field.docx

Soma mstari wa pili pole pole. Herufi ya kwanza, d, inasema hii ni folda. Faili la kawaida huanza na kistari. Herufi tisa zinazofuata ni ruhusa za nani asome na nani aandike, na kwa kazi yako ya leo ziruke. Namba 5 iruke pia. Majina mawili ya duka ni mwenye faili na kikundi chake. Halafu unakuja ukubwa, na hapo ndipo wengi huteleza: 4.0K mbele ya Barua si uzito wa yaliyomo ndani ya Barua. Ni nafasi inayotumiwa na daftari la folda yenyewe, yale majina tu. Barua inaweza kubeba GB 20 na bado ikaandikwa 4.0K. Hata total ya juu hujumlisha vilivyotajwa hapo tu, magunia yakiwa yamefungwa. Ukitafuta GB zako 61 kwenye safu hii utatafuta mpaka jioni.

Tarehe nayo ina tabia yake. Kitu cha karibuni huonyeshwa na saa, lakini kikivuka miezi sita saa hutoweka na mwaka unakaa mahali pake, kama ile kadi ya 2023. Haijaharibika kitu. Na tarehe hiyo ni ya mara ya mwisho yaliyomo kubadilishwa. Siku faili lilipoanza kuwepo ni habari nyingine. Ukiifungua CV ya 2021, ukarekebisha namba ya simu na kuhifadhi, itasomeka ya leo. Usiitumie kuamua mteja alikuja lini.

Zile alama za kufungia kwenye jina la kadi huwashangaza watu wanaodhani zimeingia ndani ya jina. Hazimo. Tangu 2016 ls ya Linux, mfumo ulio chini ya Ubuntu yako, hulifungia hivyo jina lenye nafasi, ili ukilinakili kwenda kwenye amri nyingine lisikatike vipande vitatu. Mimi binafsi hutumia kistari cha chini badala ya nafasi, na tarehe huiandika kuanzia mwaka: 2024-03-05_barua.docx. Ukianza na siku, 05-03-2024, barua za Machi na za Desemba zitachanganyika kama abiria wa daladala, kwa kuwa ls hupanga kwa kusoma jina kutoka kushoto, haijui kwamba hiyo ni tarehe. Ukitaka ikupangie kwa muda halisi, ls -lt huweka jipya juu. ls -ltr huligeuza, jipya likawa chini karibu na unapoandikia. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitumia kutwa nzima. ls -lS hupanga kwa ukubwa.

Uliuliza pia kama inaficha. Kwa kweli kuna kitu kimoja huwa haikitaji mpaka uombe: jina lolote linaloanza na nukta. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs kulikozaliwa Unix, amesimulia kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati mbaya. Kila folda ina vitu viwili vya kudumu, nukta moja yenye maana ya "hapa" na nukta mbili zenye maana ya "folda iliyo juu", na mtu akataka visijitokeze kwenye orodha. Njia ya mkato aliyoichukua ilikuwa kuruka chochote kinachoanza na nukta. Watu wakagundua wanaweza kuficha vitu vyao humo, na mpaka leo programu nyingi zimehamia huko na mizigo yao.

Andika ls -A ndani ya Kazi. Nina hakika utakuta majina kama haya:

.~lock.ripoti_field.docx#

Hilo ni kufuli la LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka. Ukifungua waraka, inaweka kifaili hicho pembeni kuonya kwamba waraka unatumika, ukifunga, inakiondoa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna wa kukiondoa. Halafu kesho yake unakikuta bado kipo, kinaonya kwamba waraka unatumika, na wewe ndiye uliyefungua duka asubuhi. Kama una hakika hakuna dirisha la waraka huo lililo wazi, hicho unaweza kukifuta bila hofu, utafiti wa mtu haumo ndani yake. (Tukiwa hapohapo, -A kubwa na -a ndogo zinatofautiana kidogo tu: ndogo hutaja pia vile vitu viwili vya kudumu, "hapa" na "folda iliyo juu", kubwa huviacha.)

Basi sasa uzito. Kwa swali la "folda ipi inanila diski" achana na ls kabisa, mwite mpimaji:

du -h --max-depth=1 | sort -h

du huingia ndani ya kila gunia mpaka mwisho na kupima. --max-depth=1 inaiambia ipime kila kitu lakini itutajie folda za mlango wa kwanza tu. Mstari wima | unapitisha majibu ya du kwenda kwa sort, na sort -h inapanga kwa ukubwa, nzito chini kabisa, na mstari wa mwisho wenye nukta ni jumla ya Kazi yote. Na hapa usishtuke: utaona kama 57G, wakati dirisha lilikuambia GB 61. Hakuna kilichopotea. Dirisha la mafaili la Ubuntu linahesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1 kamili. du -h inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti bilioni 1.07 na kidogo. Mzigo ni uleule, vipimo viwili, kama debe la mwenye duka na debe la mkulima.

Nabashiri utakachokuta. Nyaraka za wanafunzi, hata zikiwa elfu tano, huwa hazijazi diski. Kinachojaza ni video za send-off ulizoombwa kuchoma kwenye flashi, picha za simu, na skani za vyeti zilizopigwa kwa ubora mkubwa kupita mahitaji. Kwa hiyo pengine usihitaji kugusa utafiti wa mtu hata mmoja.

Kuhusu ls -R: ilifanya ulichosema, ikafungua kila gunia na gunia ndani ya gunia. Majina yalipotea kwa sababu terminali haikumbuki mistari yote. Andika ls -R | less, upande na kushuka kwa mishale, q ya kutokea. Utaona kwamba majina yanajipanga moja kwa kila mstari badala ya safu safu. ls hutazama kama inaongea na skrini au na programu nyingine, na hubadili mpangilio kulingana na inayeongea naye. Lakini kwa orodha ya kuchapisha -R haifai, maana inataja folda juu kisha majina chini yake, na ukikata karatasi katikati hujui tena faili ni la folda gani.

Tumia find. Hii inataja kila faili pamoja na njia yake nzima:

find . -type f | wc -l

Hiyo ya kwanza inahesabu tu. Ianze hiyo, kabla hujawasha printa. Nukta ni "kuanzia hapa", -type f ni "mafaili tu, folda usizitaje", na wc -l inahesabu mistari. Ukiambiwa 9,000, kwa mistari 50 kila ukurasa hizo ni kurasa 180, na bei ya wino unaijua kuliko mimi. Kisha orodha yenyewe:

find . -type f -printf '%s\t%TY-%Tm-%Td\t%p\n' | sort -nr > ~/orodha.csv

Inatisha machoni lakini ni maneno machache tu. %s ni ukubwa kwa baiti, %TY-%Tm-%Td ni mwaka, mwezi na siku ya badiliko la mwisho, %p ni njia ya faili, na \t katikati yao ni tabu ya kutenganisha safu. Sikutumia koma kwa sababu wateja huweka koma kwenye majina ya mafaili. \n inafunga mstari. sort -nr inaweka kubwa juu. Matokeo yatakuwa hivi:

1843200512	2022-06-14	./Video/send-off Area D.mp4
96468992	2023-11-02	./Skani/vyeti_wote.PDF
96468992	2023-11-02	./Barua/Nakala/vyeti_wote.PDF

Fungua orodha.csv kwa LibreOffice Calc. Dirisha la kuuliza likitokea, chagua tabu kama kitenganishi na uondoe tiki kwenye koma. Ukitaka yale makubwa 300 tu, weka | head -n 300 kabla ya ile alama ya >. Nakushauri uchapishe hayo 300 peke yake. Na tazama mistari miwili ya mwisho: ukubwa uleule mpaka baiti ya mwisho, jina lilelile. Hiyo ni nakala, karibu hakika. Kupanga kwa ukubwa huweka pacha kando ya pacha bila wewe kutafuta. Kuhakikisha, endesha md5sum kwa yote mawili. Namba ndefu zikifanana, moja linaweza kwenda.

Kwa nini nimeandika ~/orodha.csv, yaani nje ya Kazi, na si orodha.csv? Jaribu siku moja ls > orodha.txt ufungue ulichopata. Utamkuta orodha.txt mwenyewe ameandikwa kwenye orodha. Ganda hulitengeneza faili la kupokelea kwanza, tupu, ndipo linaiita ls, na ls inapochungulia inakuta kuna mgeni. Haina madhara, ila itakuumiza kichwa ukihesabu ukapata moja zaidi.

Sasa lile deni la nyota. Miaka kadhaa nyuma niliombwa kuhamisha stakabadhi za wakulima wa zabibu wa chama kimoja upande wa Hombolo, kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Niliandika ls *.pdf, nikaona orodha ndefu nzuri, nikahamisha *.pdf, nikafomati diski. Msimu wa kulipana ulipofika, stakabadhi za miezi miwili hazipo. Skana yao mpya ilikuwa ikiandika .PDF kwa herufi kubwa, na kwa Linux .pdf na .PDF ni vitu viwili tofauti. ls ilinijibu sawasawa swali nililouliza. Wale wazee walinivumilia kuliko nilivyostahili; tulizitafuta upya kwenye vitabu vya karatasi, wiki nzima, vumbi mpaka puani. Tangu siku ile natafuta hivi:

find . -type f -iname '*.pdf'

Hiyo i ya mbele ya name inapuuza ukubwa wa herufi. Na nyota nimeifungia kwenye alama ili ganda lisiitafune njiani, ifike kwa find ikiwa nzima.

Kwa kuchuja vya kufuta, find hiyohiyo inakubali masharti. -size +100M ni yanayozidi ukubwa huo, -mtime +730 ni ambayo hayajabadilishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Ukiyaweka pamoja unapata vizito vilivyosahaulika:

find . -type f -size +100M -mtime +730

Anza na hivyo. Na usivifute, vihamishie kwanza kwenye diski ya nje, uiweke kabatini mpaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamalize mahafali, ndipo uamue. Ukifuta kwa kubofya, mafaili yanaenda kwenye pipa na nafasi hairudi mpaka ulimwage. Ukifuta kwa rm hakuna pipa. Kijana wako akiwa mwepesi wa rm, mwekee sharti moja: kila atakachotaka kuandika baada ya rm, akiandike kwanza baada ya ls, na wote wawili msome kilichotoka.

Ile flashi ya mteja. Kwenye Windows kila faili lina alama ndogo ya "nimefichwa" isiyohusiana na nukta wala jina. Kuna virusi vya flashi ambavyo huziwekea folda zote alama hiyo, halafu huacha njia za mkato zenye majina yaleyale ili mwenye flashi abofye na kuvisambaza. Linux kwa kawaida haiijali alama hiyo, ndiyo maana kwako yote yalionekana. Hukufanya muujiza. Nakili kazi za mteja, zile za mkato zinazoishia na .lnk ziache hukohuko, na usichape chochote moja kwa moja kutoka kwenye flashi.

Kuna kinyume chake kitakachokukuta wewe: flashi inaonekana tupu kwako lakini inasema imejaa. Ingia ndani yake uandike ls -A. Ukiona .Trash-1000, hilo ni pipa la Ubuntu yenyewe. Vitu ulivyovifuta kwenye flashi kwa kubofya vilihamia humo, na mteja amekuwa akivibeba kwenda na kurudi.

Jirani yako naye ana ls yake, inaitwa dir, na ukiandika dir /a hata vilivyofichwa vinatajwa. Akishaisafisha flashi kwa programu ya kuua virusi, aandike hivi kwenye dirisha la amri, kama flashi imesomeka kama E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mwahi leo, kabla hajamfomatia mtu flashi yenye ripoti ya field ndani.